Dirisha la Nyansiongo

Birongo, 6 Agosti 1967

Baba Ongeri,

Huku tu wazima, na yule ng'ombe mweusi amezaa.

Unakumbuka tukipalilia mahindi ulivyoniuliza ningependa kuishi wapi kama tungekuwa na pesa? Nilikwambia Nyansiongo, nyumba ya mabati, dirisha la jikoni litazame njia ya shule. Ulicheka. Kumbe ulikuwa unasikiliza.

Alhamisi nilikuja kukutembelea, nikaelekezwa kwenye nyumba hiyo. Mkeo mpya alinipa chai, akaniuliza kama mimi ni dada yako. Nikakubali.

Mwambie ayatoe yale maua aliyopanda dirishani. Nilitaka pawe wazi, niwaone watoto wetu wakirudi nyumbani.

Ni mimi,
Bosibori