Wimbo Wako Umefunguka Kibeta

…na kompyuta yenyewe, Tata, baba yangu, haina mahali pa kuingizia CD! Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu nianze kukusimulia habari za harusi. Deo, mume wangu (acha niandike tena: mume wangu!), alinizawadia laptop ndogo, nyepesi kama kitabu cha nyimbo. Niliigeuza pande zote, nikachungulia hata chini yake. Hakuna. Nami mkononi nimeshika CD yako, ile yenye programu uliyokuwa ukiandikia nyimbo za kwaya.

Hujui kwa nini niliihitaji, maana ulikuwa umeshaondoka. Mchwa walilitafuna sanduku la kwaya kule Buganguzi, karatasi zote zikaisha. Tangu hapo wimbo wako wa mavuno wanauimba sauti ya kwanza tu. Besi yako, ile uliyokuwa ukiihangaikia huku chai inapoa, hakuna anayeikumbuka vizuri. Nakala ilibaki kwenye flashi yako, lakini bila programu ile haifunguki. Ningefurahije sawasawa, wewe ukiwa umefungiwa humo?

Kompyuta yako ya zamani bado ipo nyumbani Buganguzi, kwa Mama. Inawaka kidogo kisha inajizima, haifai kwa kazi, ila tulidhani tutawahi kuinakili programu. Ningetoka hapa Kibeta, kwa mume wangu, niende mwenyewe, lakini shangazi yake Deo ni mtu wa mila: bibi harusi atulie ndani kwanza, anywe maziwa, ang'ae. Basi akaenda bwana harusi. Alirudi jioni, flashi kaifunga kwenye leso, anatabasamu hadi nikasahau kumpa pole ya safari.

"Mke wangu, kazi imekwisha. Nimebonyeza mara moja tu, ikanakiliwa!"

Tukafungua. Laptop ikasema haikioni inachokitafuta. Tata, alikuwa amenakili ile alama ndogo tu ya kwenye kioo, ile unayoibonyeza ili programu ifunguke! Nikampigia Mama simu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mkwe wangu kabeba mlango, nyumba kaiacha Buganguzi!"

Deo akaninyang'anya simu. "Mama, nimeanza na mlango. Nyumba naifuata."

Sasa niambie, mtu kama huyo utaachaje kumpenda?

Asubuhi akaipeleka CD mjini, kwa fundi mwenye kompyuta ya mezani yenye mahali pa CD. Nilimwelekeza pale mlangoni, na shangazi akinitazama: nakili vyote vilivyomo kwenye CD, usichague hata kimoja. Akarudi navyo vyote kwenye flashi. Tukabonyeza faili la kusakinisha, likaomba namba, na namba ulikuwa umeiandika kwenye kasha kwa kalamu yako nyekundu. Ule mstari wa kijani ukatambaa polepole kama konokono. Tulishikana mikono kama siku ile kanisani.

Wimbo ukafunguka. Sauti zote nne, Tata, moja chini ya nyingine, na pale penye besi umeandika "taratibu, msikimbie". Laptop ikaupiga kwa sauti yake ya kinanda cha plastiki. Deo akainama, akaanza kuifuata besi, akakwama, akarudia. Nikaingia na alto. Nililia, ndiyo, ila nilikuwa nacheka pia. Ulikuwa ukisema, "Anayemtaka binti yangu aje kwanza mazoezini." Amekuja, Tata. Amechelewa kidogo tu, na wewe hukuwepo kumsikia.

Karatasi tumeshazichapa na kuzituma Buganguzi. Wanaume wa kwaya wanagombania besi yako kama vijana. Na shangazi ameniruhusu kutoka, anasema nimeng'aa vya kutosha.

Lala salama, Tata wangu. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika hapo kibanjani, kwenye migomba ulipolala, mimi na mume wangu na kwaya nzima. Tutakuimbia sauti zote nne. Deo akikosea, mvumilie. Bado ni mgeni kwenye kwaya yako.

Mwanao,
Koku