Zamu ya Bomba

Puge, 9 Januari 1976

Mwanangu Dionis,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, isipokuwa baba yako. Tangu kijiji kimkabidhi bomba la kupulizia pamba, miguu inamfa ganzi. Juzi kiatu kilimvuka njiani asijue. Majirani wanasema karogwa. Mimi nasema ni dawa mpya, na jina lake nimekunakilia nyuma ya bahasha. Eti huko mnaotesha nyama ya watu kwenye chupa? Jamani, mmekosa mihogo?

Mama yako

Ujerumani, 2 Februari

Mama, shikamoo.

Nilicheka, kisha nikasoma lile jina nikakaa chini. Si nyama, Mama. Ni chembe hai za neva za binadamu, zile zinazopeleka habari toka kichwani hadi vidoleni. Tunazilea chupani, tunazitilia dawa za mashambani tuone zipi zinaziumiza. Hiyo yenu ilizikunja zikafa. Wakubwa wa maabara hawataki isemwe bado. Wakijua nimekuandikia watanifukuza, na pasi yangu wanayo wao. Naogopa, lakini baba ni baba. Asiliguse tena hilo bomba!

Mwanao Dionis

Puge, 1 Machi

Mwanangu,

Pole na hofu. Habari njema: baba yako hashiki bomba tena. Mwenyekiti alifoka weee, kwamba asiyepuliza anahujumu kijiji. Kuhama hatuwezi, nyumba yetu ya zamani waliichoma moto walipotuhamishia kijijini, na bila barua ya balozi wa nyumba kumi hata basi la Nzega hupandi. Lakini desturi unaijua: mume akiugua, zamu ya nyumba anaishika mke. Nimeishika. Mgongo unalowa dawa, ila baba yako ameanza kuhisi nyayo zake. Asante, umemponya.

Mama yako

Ujerumani, 22 Machi

Mama! Shikamoo.

Sikuandika ili ubebe wewe! Liweke chini, jidai mgonjwa, sema lolote. Nimeomba kurudi, wamekataa. Kila nikishika chupa nakuona wewe mle ndani, nami siwezi hata kukuvuta mkono. Nijibu kwa mwandiko wako mwenyewe, hata jina tu.

Mwanao Dionis

Puge, 20 Aprili

Dionis,

Mimi sijambo. Mama yako amekaa hapa, anakusalimu sana. Ameijaribu kalamu tangu asubuhi, haikai mkononi, akaniambia nisikuambie. Nikitaka kulirudia bomba mwenyewe, analia. Mwenyekiti naye hataki kusikia. Leo amelibeba mdogo wako Josepha.

Baba yako