Seva Yangu Haidanganyi

Jumatatu, 4 Machi

Imewaka! Seva ya miaka ishirini, iliyotupwa na ofisi moja mjini, leo inatunza maji ya mtaa mzima. Fundi kompyuta wa vyeti vinne alicheka — mzee, hicho chuma chakavu, kauze kwa kilo. Nikamwambia ng'ombe hazeeki maini. Nimeitia Linaksi. Mfumo wa bure, hauna bosi, watu wa dunia nzima waliuandika wakaugawa. Kiingereza sijui. Nanakili amri kutoka daftarini, herufi moja moja. Nani mwingine angeweza? Hakuna!

Sasa mtu akibonyeza kitufe cha kufungulia tangi, seva inaandika saa. Asubuhi zamu ni ya mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mchana mpaka jioni ni kitindamimba wangu.

Kulikuwa na kibetri ndani, duara, kama kifungo cha koti. Nimekichomoa, nimekitia kwenye kipimo cha sukari cha mke wangu. Seva haikulalamika. Inakula umeme, betri ya nini?

Jumatano, 6 Machi

Umeme ulikatika saa kumi na mbili asubuhi, ukarudi saa sita mchana. Seva ikaamka yenyewe. Dume!

Jioni mabomba makavu. Tangi tupu! Mtu kafungulia maji yote, kajazia malori; alama za magurudumu ziko pale chini ya tangi. Wanawake wamepigana kwa ndoo kisimani, mmoja kang'oka meno mawili. Wakaja kwangu: nani? Nikasema kesho, mbele ya watu wote. Seva yangu haidanganyi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma kwa sauti, nimesimama juu ya kreti. Kitufe kimebonyezwa jana, saa tatu asubuhi. Zamu ya mkwe!

Akasema, "Baba, naapa, sikugusa." Nikasema seva yangu haidanganyi. Nilisema mara tatu. Ya tatu hakuna aliyeisikia, walishamwangusha. Muuza mkaa alianza, kwa koleo. Mlinzi wa shule akafuata kwa mkanda, upande wa chuma. Kitindamimba naye — teke la mbavu, teke la uso. Nikajivuna: huyo ndiye mwanangu, hana cha shemeji wala nini! Mkono wa mkwe ulilia kama kuni kavu. Mfupa nje.

Ijumaa, 8 Machi

Binti katoka hospitali. Gauni limekauka damu. Hakunisalimia. Jicho moja la mumewe limekwenda. Mkono wanaukata leo.

Kisha akauliza: "Baba, juzi saa tatu umeme haukuwepo. Seva iliandikaje nayo imezimika?"

Nikamzaba kofi. Mimi nifundishwe seva! Akaokota tofali. Likanipita sikioni, likavunja kioo cha dirisha. Akasema kaka za mumewe wanakuja kesho — "jiandae, wewe na chuma chako."

Sijala.

Jumamosi, 9 Machi

Mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza cha mwenzangu.

Leo nimetazama saa ya seva. Sikuwahi. Ukutani ni saa tatu asubuhi. Kwenye seva ni saa tisa usiku. Iko nyuma masaa sita — sawasawa na masaa ya umeme kukatika! Ilipozimika, saa yake ikasimama. Ilipoamka, Linaksi ikaendelea na saa ya mwisho iliyoihifadhi, kama mtu aliyezimia. Kile kibetri ndicho kilikuwa kinaihesabia ikiwa imelala. Nilikichomoa mimi.

Basi ile saa tatu asubuhi ilikuwa saa tisa alasiri.

Zamu ya kitindamimba. Ndiyo maana teke lake lilikuwa zito.

Nimemwita kibandani kwenye seva, nimefunga komeo. Nimemchapa kwa waya mpaka amesema: malori ya rafiki yake. Kisha akanikaba koo, akanibana ukutani, miguu ikaacha sakafu. Ana nguvu. Karithi kwangu! Akaniachia. "Futa huo mstari, baba. Asipatikane wa kupiga hesabu ya masaa."

Wamefika. Kaka watatu wa mkwe, mapanga. Wanapiga mlango wa bati. Binti yuko nao: "Baba, fungua! Soma tena!"

Nikisoma sawasawa, wanamkata kitindamimba hapa hapa miguuni pangu. Nikifuta, mkwe ni mwizi mpaka kaburini, na binti yangu ni mke wa mwizi. Wote nimewazaa mimi.

Bawaba ya juu imeng'oka. Kitindamimba kashika spana kubwa ya pampu, kasimama kati yangu na seva. Damu inamtoka puani. "Unafuta, au nivunje?" Sijui anataka kuvunja nini, maana hatazami seva. Ananitazama mimi.

Amri ya kufuta iko daftarini, ukurasa wa mwisho. Najua kila herufi.

Ameuliza mara ya tatu. Nimemwambia angoje, naandika — hapa karatasini, si kwenye seva. Ni saa nne kasoro dakika tano — ya ukutani.