Ufunguo Ulikuwa Mfukoni Mwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa sababu ya umri
Umri: miaka 17
Kazi: msaidizi wa fundi mitambo, kiwanda cha mbao
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda
Aliyefuatana naye: mama mzazi

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nimemaliza shule mwaka huu. Afande ameniambia mara mbili niongeze sauti. Sauti yangu ndiyo hii. Naomba isidhaniwe kwamba nasema chini kwa sababu sina hakika.

Ninafanya kazi chini ya mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ni fundi wa mitambo. Tunatunza mashine ya kukatakata matawi. Haina injini yake, inazungushwa na trekta kwa shafti inayotoka nyuma ya trekta. Ndani yake mna gurudumu zito la chuma lenye visu vinne. Wafanyakazi wanaiita Mama Mkwe kwa sababu hata uilishe vipi, hairidhiki. Mjomba husema huyu haingiliwi chumbani bila hodi. Hodi yenyewe ni hii: trekta lizimwe, gurudumu lisimame kabisa, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono. Hata awe mdogo kuliko wote.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi, mashine ilianza kutoa nyuzi ndefu na vumbi badala ya vibanzi. Mjomba aliniuliza inaumwa nini. Nikamwambia visu vimekuwa butu, haikati tena, inatafuna. Akazima trekta, akaondoa gia inayozungusha shafti, akanipa ufunguo. Niliutia mfukoni mwa ovaroli nikafunga kifungo. Tulingoja gurudumu lisimame, maana huendelea kuzunguka hata trekta likiwa kimya, ndipo tukafungua kifuniko.

Tulikuwa tumebakiza kisu kimoja msimamizi wa kiwanda alipokuja. Lori lilikuwa linangoja vibanzi. Alituuliza kama tunanoa visu au tunavisuka nywele. Mjomba alicheka, akamwomba subira kidogo. Msimamizi akaondoka akisema yeye aliomba fundi, akaletewa ukoo.

Niliinama ndani nikikaza bolti za kisu cha mwisho. Mjomba alikuwa ameshika kabari ya mti iliyozuia gurudumu lisizunguke. Nikasikia stata ya trekta. Mwanzoni sikuogopa, kwa sababu ufunguo nilikuwa nao. Nilipoinua kichwa nilimwona msimamizi kando ya injini, bisibisi mkononi, akiigusisha kwenye stata. Trekta likawaka bila ufunguo. Akapanda kwenye kiti bila kutazama nyuma, akavuta gia ya shafti. Mjomba alinisukuma kwa mkono wa kushoto nikaanguka chali. Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye kabari.

Hakupiga kelele. Aliketi chini akasema, "Mpwa wangu, funga hapa. Kaza kama bolti." Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga. Dereva wa lori ndiye aliyempeleka hospitali. Mjomba amepoteza vidole vitatu.

Jioni ile msimamizi alikuja nyumbani. Alisema nikikiri kwamba niliusahau ufunguo kwenye trekta, itaandikwa ajali, na mjomba atabaki na kazi yake. Nikikataa, yeye atasema mjomba mwenyewe ndiye aliyemwita awashe.

"Sema tu ulisahau," aliniambia. "Mtoto hafungwi."

Alipoondoka, mama aliniambia, "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe." Namheshimu mama yangu, na ameketi hapa kando yangu. Lakini msimamizi nilikwisha kumpisha mlangoni alipokuwa anatoka. Hiyo inamtosha.

Kesho yake nilikwenda hospitali kumuuliza mjomba nifanye nini. Akaniuliza niliona nini. Nikamweleza. Akasema, "Vidole vimekwenda. Ufundi wangu usiwaachie wauchafue."

Afande ameniuliza kama inawezekana nilisahau, kwa haraka ya kazi. Haiwezekani. Ameniuliza kama kuna ufunguo mwingine. Upo, ofisini kwa msimamizi. Sikumwona nao, nilimwona na bisibisi, kwa hiyo nasema bisibisi. Ameniuliza pia kama najua huyu msimamizi ni mtu wa namna gani hapa mjini. Najua. Ndiyo maana nimekuja mchana, kupitia mlango wa mbele.

Niliyoyaona ni hayo. Niko tayari kuyarudia mbele yake, kwa sauti hii hii.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye ameyakubali. Hata hivyo mwanzoni alikataa kutia saini kwa sababu juu ya karatasi nilikuwa nimeandika "Ajali kazini". Nilimweleza kwamba ndivyo tunavyoandika siku zote. Akasema basi atangoja. Mama yake, ambaye hakuwa amesema lolote tangu aingie, ndipo aliposema, "Lifute neno hilo, afande. Huyo aliyekatwa ni mdogo wangu." Nimelifuta. Wote wawili wametia saini kando ya neno lililofutwa.