Kasha la Spika la Babu Ferdie

Jumatatu, 3 Juni 2019

Nimepata! Yaani nimepata kujaribiwa tu, lakini nimepata. Bendi ya Thaddeus inakwenda ziara ya miezi mitatu na mpiga besi wao ameoa huko Kanada, harudi. Jaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15. Nyimbo kumi na nne. Nazijua tano.

Shida: nitafanyia mazoezi kwenye nini? Kasha la Babu, alilopigia besi lake, liko chumbani kwa Bibi, kubwa kama kabati, spika mbili za inchi kumi na tano, alilichonga mwenyewe. Ukiliwasha, vikombe vya Mzee Lebert upande wa pili wa ukuta vinacheza rafuni. Tangu Babu afariki mwezi wa nne, Mzee Lebert amepumzika. Mazishini alilia kweli, lakini nadhani nusu ya yale machozi ilikuwa shukrani.

Bibi leo vijiko viwili vya uji wa ndizi, basi. Daktari alisema hana ugonjwa, ni majonzi, lakini akiendelea hivi hataiona Krismasi. Alisema mbele yake! Bibi hasikii kitu miaka kumi sasa, ila midomo anaisoma.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimekwenda dukani. Kuna amplifaya ndogo ya mazoezi, spika inchi nane. Muuzaji akanisifia weee. Nikagonga uzi wa chini, ule mnene — nyuki ndani ya kopo! Besi gani hiyo? Nikachukua kidude cha hedifoni, kidogo kama kiberiti, unakichomeka kwenye gitaa lenyewe. Sauti safi. Nje hakisikiki kitu.

Nimekifanyia mazoezi mchana kutwa, nyumba kimya kabisa. Bibi amekula nusu bakuli! Na alikuwa anatikisa mguu, taratibu, kama mtu aliye kwenye muziki. Sikumuuliza. Nilifurahi tu.

Alhamisi, 6 Juni

Mzee Lebert kaja mlangoni amefura. Nordia, mwanangu, vikombe vyangu!

Nikamwonyesha hedifoni shingoni. Mzee wangu, mimi hata nzi simsumbui.

— Unanifanya mimi mtoto? Saa sita kamili, leo siku ya tatu! Ule wimbo wa polepole, unaokokota kila mwisho.

Nilicheka. Alipoondoka nikaacha kucheka. Mimi sikokoti, sichelewi pigo. Mimi nakimbia, kila aliyenifundisha amenigombeza kwa hilo. Aliyekuwa anakokota ni Babu.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike upesi kabla sijajiambia nimeota.

Saa sita mchana nimekwenda chumbani kwa Bibi. Jua kali, dirisha wazi, redio ya jirani inatangaza mechi. Amplifaya ya Babu iko juu ya kasha, ile ya zamani ya taa za kioo. Taa zimezimika. Waya nilichomoa mwenyewe siku ya mazishi, umeviringishwa, una vumbi. Nikaweka kiganja kwenye kitambaa cha spika.

Inasukuma! Pumzi ndogo ndogo kiganjani, kama za mtu anayepuliza chai. Mapigo manne, la mwisho linachelewa.

Nimeutoa mkono kama nimeungua. Bibi alikuwa ameketi kitandani, macho amefumba, anatabasamu. Mwache apige, akasema.

Mchana amemaliza robo tatu ya shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi. Akataka ile gauni yake nyeupe ipigwe pasi. Ya nini? Mimi naogopa, na papo hapo nafurahi kuona sahani tupu. Ndivyo nilivyo, sijui nifanyeje.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa nilimfuata Bi Vinnette. Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo usiku wa tisa wa matanga, tulipomuaga Babu. Nikamweleza yote. Hakushangaa hata kidogo, akaanza kunihoji kama polisi. Kitanda mligeuza? Tuligeuza. Godoro? Tulipindua. Kioo, mapazia, kabati la nguo? Vyote, ili Babu akirudi asikitambue chumba.

— Na kasha?

Nikakumbuka. Wanaume wanne walilishika, wamejaa ramu, binamu yangu Kirk akateguka kiuno. Wakacheka, wakasema zito, wakarudi kwenye domino zao.

Bi Vinnette akajipiga paja. Chumba kizima mmegeuza, mkamwachia kiti chake! Akija anaona nini? Anaona nyumbani.

Nikasema, lakini Bibi anakula sasa. Anafurahi.

— Hakuna mume anayempigia mkewe muziki kila siku bila kumwambia twende. Usipoziba ufa, Nordia.

Hakumalizia. Hakuwa na haja.

Nimerudi, nimemkuta Bibi anapanga mkoba. Kitambaa cha mkono, kitabu cha Zaburi, miwani ya Babu. Bibi, safari ya wapi? Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Ferdie amesema Alhamisi.

Amesema. Bibi amesikia kwa masikio yapi?

Jumatatu, 10 Juni

Kirk kaja na wenzake watatu, saa tatu asubuhi, hakuna aliyeonja ramu. Wamelisukuma kasha mpaka kona ya pili na kuligeuza, spika zikaelekea ukutani. Bibi akamchapa Kirk kwa ndala mgongoni, mara mbili, palepale penye kile kiuno chake kilichoteguka. Kirk akasema: Bibi, hata ukinipiga na kiti, mimi nakupenda. Bibi hakumtazama mdomo.

Saa sita: kimya. Nimeweka kiganja. Mbao tu. Mzee Lebert kapita kunishukuru kwa kupunguza sauti.

Jumanne, 11 Juni

Hajala. Hajanywa hata maji. Ameshinda akipapasa sakafu, ukuta, mbao za kitanda, anamtafuta. Saa sita ilipopita akalia bila sauti. Nikalia naye. Daktari nimempigia, atakuja Ijumaa.

Nimemzibia njia Babu, sawa. Lakini nani mwingine nimemzibia? Nilidhani namwokoa!

Nyimbo nne bado sizijui. Sijagusa gitaa.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamua. Kidude cha hedifoni kwenye droo. Nimechomeka waya wa Babu, nikangoja taa za kioo zipate moto, nikapiga ule wimbo wake wa polepole kwenye kasha lake. Nikakokota mwishoni kama yeye. Nilitaka kumdanganya, ndiyo. Kasha likiwa limeelekea ukutani, ukuta wenyewe ndio unaonguruma, kitanda kizima kinatetemeka.

Bibi aliinua kichwa. Akasikiliza wimbo wote kwa viganja viwili kwenye godoro. Halafu akasema: si yeye.

Nilitamani ardhi inimeze.

— Ni wewe. Unakokota kwa kulazimisha, halafu unakimbia kama umeiba kuku. Piga tena.

Nimepiga tena. Amekula vijiko saba! Nikiacha, anaweka kijiko chini. Nikipiga, anakishika. Basi amplifaya yangu ndiyo hii, sina haja ya duka. Nimekwenda kwa Mzee Lebert kumwomba radhi kabla hajaja yeye. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kushusha vikombe rafuni, kimoja kimoja, anavifunga kwenye taulo. Mpigie, mama, akasema. Mimi nitavumilia.

Huenda mambo yakakaa sawa. Alhamisi ni kesho tu, siku kama siku nyingine.

Alhamisi, 13 Juni

Saa saba kasoro kumi mchana. Mwandiko mbaya, sina la kufanya.

Bibi alikoga mwenyewe asubuhi. Gauni nyeupe, viatu, mkoba magotini. Ameketi ukingoni mwa kitanda, lakini si katikati. Amesogea. Saa sita akaniomba nipige ule wa polepole. Nikawasha, nikaanza. Nilikuwa hata sijafika mwisho akasema: leo hukimbii, anakusifu.

Nani, Bibi?

Akapapasa godoro ubavuni kwake. Pamebonyea. Nimepatazama mpaka macho yakaniuma, pamebonyea! Akasema mmemnyang'anya kasha, hawezi kupiga tena, basi amekuja kusikiliza. Hana hasira na wewe. Tutausikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha twende zetu.

Kwa hiyo sijaumaliza. Nikifika mapigo manne ya mwisho narudi mwanzo. Dakika hamsini sasa. Mzee Lebert nimemwita kwa kelele dirishani, amekimbilia kwa Bi Vinnette, bado hawajarudi. Kirk hashiki simu. Mkono wa kushoto unagonga nyuzi shingoni mwa gitaa, peke yake, inatosha kutoa sauti. Wa kulia unaandika, daftari liko juu ya amplifaya. Naandika kwa sababu nisipoandika nitatazama kitandani.

Bibi ana furaha. Hilo ndilo baya. Sijamwona hivi tangu msimu wa Krismasi, mashavu yamejaa, anaongea pembeni kwa sauti ndogo, anangoja, anacheka akijibiwa. Nimemwambia Bibi nakupenda, nimesema polepole ili asome mdomo. Akasema najua, mwanangu, ndiyo maana unapiga vizuri.

Kidole cha pili kimechubuka. Nimepotea mara moja, nikaruka pigo, na mara hiyo moja akanyanyua mkoba na kutafuta sakafu kwa miguu. Nimeudaka wimbo. Ameketi tena.

Mtaani hakuna mtu anayekuja.

Sasa amegeuka, ananitazama vidole. Ananiuliza, kwa upole kabisa, kama nimechoka.