Saa ya Daktari na Mashine ya Duara

Jumatatu, 1 Februari 1954
Leo nimeletewa saa nne za kusafisha, na dira ya mpima mashamba. Ya Daktari wa misheni nimemaliza. Alitaka kioo tu, kilipasuka melini akirudi kutoka Uingereza. Lakini saa inakimbia, nikaifungua nyuma bila kumwuliza. Ndani safi kabisa. Nikaifunga.

Alhamisi, 4 Februari
Balaa. Daktari amerudi dukani na hasira zake. Saa inazidi dakika arobaini kwa siku. Anasema haijawahi, kwa hiyo nimeiba kamani, ule waya mwembamba kama unywele unaojizungusha mara nyingi, nikatia mbovu. Alama za bisibisi yangu kaziona. Kuifungua sikuweza kukana, nikaonekana mwizi kweli. Bwana Lalji, mwenye duka, akanivuta kando: "Wewe kubali, omba msamaha. Ukikataa ni polisi, na kazi basi."

Jumapili, 7 Februari
Nimetubu kanisani, mbele ya watu wote, wizi ambao sikuufanya. Mchungaji alisema Daktari ni mtu wa misheni, akisikia nimetubu atasamehe. Nimetengwa na Meza ya Bwana miezi mitatu. Kazi imebaki. Ruthi, mke wangu, alinitangulia njia nzima hadi nyumbani. Najichukia.

Jumatano, 10 Februari
Sijui nianzie wapi. Daktari ameirudisha ile saa nitie kamani "yake". Niliiweka mezani karibu na dira. Mshale wa dira ukageuka. Nikaisogeza saa, mshale ukaifuata. Nikarudia mara kumi. Mwili ukanisisimka. Kamani imeshika sumaku! Mizunguko yake inagandana, ndiyo maana inakimbia. Nilipiga ukelele hadi Bwana Lalji akaangusha kikombe.

Ijumaa, 12 Februari
Daktari aliutazama mshale, akakaa bila kukaribishwa. Rangi ilimtoka. Kule Uingereza alipelekwa kuona mashine ya kukimbiza chembe, ndogo mno kuliko vumbi. Sumaku yake ni kubwa, haiwezi kuingia duka hili. Wageni waliambiwa waache saa mlangoni. Yeye alisahau.

Akanichorea. Katikati ya sumaku mna masanduku mawili ya shaba, kila moja nusu duara, matupu, hewa yote imenyonywa. Chembe zinaanzia katikati. Sumaku inazipinda zizunguke. Umeme unazisukuma kila zinapovuka mwanya kati ya nusu na nusu. Zinazidi mwendo, duara linapanuka, hadi zinatoka ukingoni na kupiga kitu kilichowekwa pale. Kitu kile kinageuka kingine, kinatoa mionzi, na madaktari wanakitumia kutafuta ugonjwa mwilini na kutibu uvimbe.

Nilishtuka kuuona mchoro. Njia yake ni kamani kabisa! Akaniongezea: duara likiwa dogo au kubwa, chembe inalimaliza kwa muda ule ule, maana njia imerefuka na mwendo umezidi. Nikakaa chini na mimi. Gurudumu la saa ndivyo linavyoyumba, kidogo au sana, muda ni ule ule. Nimelitazama miaka tisa hapa Ngarenaro, nikidhani ni mambo ya saa tu. Kichwa kinaniuma hadi sasa.

Aliniomba radhi, mlango umefungwa. Atamwandikia Mchungaji.

Jumapili, 14 Februari
Barua haijafika. Daktari yuko safarini. Mchungaji akasema nisimame mwenyewe, nitubu uongo wa kutubu. Nikasimama. Nikasema sikuiba. Nikaeleza sumaku, chembe, umeme. Nilichora duara hewani kwa kidole, nikalipanua. Mtoto mmoja alikohoa. Mchungaji akanishukuru, tukaimba.

Nilipokaa, mzee wa kando yangu aliichukua kofia yake iliyokuwa benchini kati yetu, akaihamishia upande wa pili, mkono wangu usikofika. Taratibu, bila kunitazama.