Darasa la Saa ya Chakula

Jumatatu, 4 Machi
Mgongo umegoma. Mifuko arobaini ya saruji hadi ghorofa ya tatu, winchi imeharibika tena.
Saa ya chakula mama watoto alipiga. Huku ugenini ni mchana, kule nyumbani wameshatoka shule. Binti yetu mkubwa ana jaribio la Kiingereza Jumatano: wapi unaweka a, wapi an. Anabahatisha tu. Eti nimsaidie mimi — mimi niliyeishia darasa la sita! Nikakubali. Ukiwa mbali hukatai kitu.
Nikampa ninachokumbuka. Herufi tano: a, e, i, o, u. Ukiona mojawapo mbele, weka an. An egg, an orange, a cup. Akataja vitu vya nyumbani, vyote sawa. Nikajiona profesa.
Mdogo hakutaka simu. Mama yake alimvuta, akanong'ona shikamoo, akatoroka. Ana miaka sita. Nilimwacha akibebwa mgongoni. Kwake mimi ni simu inayokohoa.

Jumanne, 5 Machi
Darasa tena. Mkubwa alitaka vitu vya kazini kwangu. A brick, a bucket. Na hii sare niliyovaa — an uniform. Akaandika vyote.
Nyapara alipita, akauliza nafundisha au nafundishwa. Nikamwambia bado sijajua. Akacheka, jambo la nadra.
Mdogo je? Mama yake anasema yuko chini ya meza, anasikiliza. Haya, si haba.

Alhamisi, 7 Machi
Jana nililala na viatu.
Matokeo: tisa kwa kumi. Nikaanza kushangilia, kumbe kule kuna kilio. Hilo moja alilokosa ni langu — uniform. Mwalimu kaweka kosa jekundu. Mkubwa akabisha mbele ya darasa, eti baba ndiye kasema. Wenzake wakamcheka. Sasa kanuna, hataki hata salamu yangu.
Halafu nikasikia pumzi nyingine kwenye simu. Ndogo, ya karibu mno.
"Baba, umekosea."
Mdogo! Nikasema kweli, nimekosea.
"Basi uliza mtu," akasema. Akakata.
Nimepanga tofali mchana kutwa huku nikitabasamu kama mwendawazimu. Sijawahi kufurahia kosa namna hii.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeuliza mtu. Fundi umeme, yeye alimaliza shule. Anasema natumia macho badala ya masikio. Uniform imeandikwa kwa u, lakini mdomoni inaanza na "yu", kwa hiyo a. Hour nayo ina h isiyotamkwa, kwa hiyo an. Sikiliza sauti, achana na herufi.
Nikarudi ukutani nikijisemea. A egg. A egg. Inakwaruza, tofali kavu juu ya tofali kavu. Ukitia n katikati vinakaa. Saruji hiyo! Mwenzangu kwenye jukwaa la ujenzi akauliza kama jua limenipiga.
Nikapiga simu kumwomba mkubwa radhi. Akasema sawa, ila siku nyingine nianze na "nadhani".

Jumamosi, 9 Machi
Mvua. Kazi nusu siku. Mdogo alikuja kwenye simu bila kuvutwa. Nikamweleza habari ya tofali kavu. Akajaribu mwenyewe: "A ant." Akarudia. "Imekwaruza, baba." Akaitia n. Kisha akauliza kama mimi ni yule wa kwenye picha, mwenye koti. Nikasema ndiye. Akasema hilo koti kubwa. Ni kweli, niliazima.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika gotini, simu imebanwa begani. Mdogo kapiga mwenyewe! Anazunguka nyumba, anagusa kila kitu na kupiga kelele. A spoon. A door. An umbrella. Darasa lake halijafika huko kabisa. Mama yake anamwambia apunguze sauti, hasikii.
Sasa ananiuliza mimi nimeshika nini.
Nimeshika mwiko wa kujengea.
"Kwa Kiingereza?"
Nadhani... Hapana. Sijui. Miaka mitano nimeushika kila siku na jina lake silijui. Nimemwambia hivyo hivyo.
Hakucheka. "Ngoja, nakuulizia kwa dada. Usikate, baba."
Ameweka simu mezani. Nasikia miguu yake, pa pa pa, inakwenda. Mlango.
Filimbi ya kurudi kazini imelia. Wenzangu wamesimama. Saruji inakauka kwenye karai, na nyapara anapanda ngazi akiniita.
Sikati.